Ukoo wa Wabisha Hodi

Kila mtoto anajua kwamba mnyonya damu haingii nyumbani mpaka akaribishwe. Merrin Tatlow, msimulizi wa mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi za kutisha, alitaka ukoo wa wanyonya damu ambao watu wangeukaribisha wenyewe, tena mbiombio. Wiki nzima, mvua ya mji wa Burnie ikipiga bati la gereji yake, alikuwa akiupika kichwani. Akauita Wabisha Hodi. Kipaji chao ni kuigiza sauti ya marehemu wa nyumba wanayoiendea. Na kwa kuwa msimulizi wa mchezo hana budi kuupa kila ukoo laana ya kukifidia kipaji chake, akawapa hii: ukimwita mmoja wao kwa jina la marehemu na kumuuliza kama ni yeye kweli, hawezi kukudanganya. Laana hiyo aliijua yeye peke yake. Wachezaji waitafute wenyewe, ndio utamu wa mchezo.

Jumapili mchana walikaa watatu mezani, hita inanguruma, pai za nyama zinapoa. Alikuwapo Leonie, ambaye mdomo wake haujui likizo, na Brodie Pascoe, aliyerudi mezani kwa mara ya kwanza tangu baba yake alipoingia msituni kutembea asitoke tena. Watafutaji walikata tamaa, ibada ya mazishi ikafanyika bila jeneza, na mpaka leo Brodie hulala ameuacha wazi mlango wa nyuma, baba akirudi asiukute umefungwa. Rafiki zake walilijua hilo wakanyamaza.

Katikati ya meza palikuwa na kadi nyekundu. Ndiyo desturi ya wachezaji wa michezo ya kutisha: ukizidiwa, iguse tu, mchezo unasimama na hakuna wa kukuuliza kwa nini.

"Brodie," Merrin alianza, "uko peke yako kwenye nyumba ya shamba. Kuna mtu nje."

"Mwambie aje kesho, nakula."

"Huyu hata akinyonywa," Leonie akadakia, "itatoka sosi ya nyanya tupu!"

Wakacheka. Merrin akakunja midomo, akapiga mluzi wa yule mgeni: mfupi, mrefu, mfupi.

Hapo hapo akatambua. Mluzi ule hakuubuni, alidhani tu kaubuni. Ulikuwa wa mzee Keith Pascoe, baba yake Brodie, aliyeupiga getini kila alipokuja kumchukua mwanawe enzi zile za shule. Wasimulizi ndivyo walivyo, huokota vya rafiki zao bila kujua wameokota.

Brodie aliweka pai chini. Leonie akamsogezea kadi taratibu.

"Iguse, bwana. Hakuna atakayesema kitu."

"Sitaki." Macho yake hayakubanduka kwa Merrin. "Nani yuko nje?"

"Brodie, nisamehe, wallahi sikukusudia..."

"Nimekuuliza, nani yuko nje?"

Merrin akaitazama kadi. Brodie akainuka, akasimama kana kwamba mlango uko mbele yake.

"Keith Pascoe," akaita. "Baba. Ni wewe kweli?"

Hakuwa akitafuta laana yoyote. Alikuwa anauliza. Merrin angeweza kusema ndiyo na nani angejua? Angempa rafiki yake dakika moja ya baba yake, na usiku ule mlango wa nyuma ungebaki wazi, na usiku uliofuata pia. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mezani pale. Akanyoosha mkono aiguse kadi yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kusimulia. Brodie akawahi kuifunika kwa kiganja.

"Usinikimbie, Merrin. Jibu."

"Hapana," Merrin alisema, machozi yakimtiririka. "Mimi siye. Baba yako hayuko nje, Brodie. Harudi."

 Brodie akajifuta uso kwa mkono wa sweta. Merrin alingoja matusi. Aliona yanamstahili.

"Basi simfungulii," Brodie akasema.

Akachukua koti lake lililokuwa nyuma ya kiti.

"Sasa unakwenda wapi na mvua yote hii?" Leonie aliuliza.

"Nyumbani mara moja. Msinimalizie pai yangu." Alikuwa ameshafika kizingitini. "Nimeacha mlango wa nyuma wazi. Nakwenda kuufunga."