Kidole Kwenye Tundu la Ukulele

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Karasawa Yoshitsugu aliinama juu ya meza ya duka la ala kuukuu za muziki la Bi Nezu, mjini Matsumoto, akainusa ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha ukulele cha wastaafu, na siku hizo hakununua kitu kingine ila nakala za Kijapani za miaka ya sabini: umbo la Kimarekani, sauti ya Kimarekani, na nembo ya kampuni maarufu iliyopindwa kidogo tu ili wanasheria wa ng'ambo wasipige simu. Zamani zilikuwa aibu, watu walizificha kabatini wageni wakija. Sasa ziligombaniwa, na aliyeipata alitembea kifua mbele.

Hii ilitoka kiwanda kile cha ng'ambo ya mto ambacho sasa ni maegesho ya magari. Karasawa alikuwa msimamizi pale, na vanishi yake aliijua kwa harufu. Akaketi, akapiga. Alipofika mahali anapokosea miaka yote, kidole kilitoka kwenye tundu, kikajinyoosha hadi shingoni, kikabana uzi aliousahau, kikarudi ndani. Kilikuwa kidole cha pete cha mwanamke, laini, chenye gundi kidogo chini ya ukucha.

Bi Nezu alisema bei haishuki kwa ajili hiyo.

"Mwenyekiti, unapata mwalimu bure, bado unataka nipunguze?"

Karasawa alisema hajaomba apunguziwe. Akafungiwa nyuzi mpya kama zawadi, akaenda zake.

Alhamisi kikundi kilikutana ukumbini juu ya posta, mashati ya maua, chai, mboga za chumvi zikizungushwa mezani, na umbea wa wiki nzima ukisubiri zamu. Kila mtu alitaka kukiona kidole. Mmoja alisema kinashika mapigo kuliko mwenye ukulele. Mwingine alinung'unika kwamba huko ni kusaidiwa mtihani. Walicheka mpaka Momose Tamiko, aliyekuwa akimimina chai, akaliweka birika chini.

"Hicho changu," alisema.

Hakuna aliyebisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, jambo lililojulikana mji mzima, kama ilivyojulikana kwamba alijikata nyumbani akipasua kuni za kuchemshia maji ya kuoga. Sasa, kwa sauti ile ile ya kuuliza nani anaongezewa chai, alisimulia kwamba ulikuwa msumeno wa kiwandani. Kinga yake ilikuwa imetolewa ili oda ya kiangazi iwahi. Kidole kilitafutwa kwenye unga wa mbao, hakikuonekana, kengele ikalia, watu wakaendelea na kazi. Langoni palikuwa na ubao wa siku zilizopita bila ajali, tarakimu kubwa nyekundu zilizokuwa fahari ya kila mtu, na damu haijakauka msimamizi alimwambia wasiurudishe ubao kwenye sifuri kwa ajili ya kidole kimoja. Hospitalini aseme nyumbani. Akasema nyumbani. Kisha akanunua boksi la vitamutamu, akaenda kwa msimamizi kuomba radhi kwa mbao alizozichafua kwa damu.

"Na ukalipokea, Bwana Msimamizi. Mkeo alisema ni vitamu."

Mzee mmoja alibaki na vijiti vya kulia chakula hewani, mboga ikidondosha maji kwenye shati lake, asijifute. Kidole walikuwa wameshakizoea. Kilichowapiga butwaa ni kwamba mama huyu amelisema jambo lile mbele za watu, saa ya chai, usoni pa mwenyekiti.

Karasawa alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alisema zile zilikuwa enzi nyingine, kila mtu alijitolea.

"Sitaki pesa," Tamiko alisema. "Nataka useme tu, hapa hapa, watu wasikie. Sema ilikuwa kiwandani."

Kidole kilikuwa kimejitokeza chenyewe, kimeegemea ukingo wa tundu kama jirani dirishani. Karasawa alikitazama.

"Bi Momose, karatasi ya hospitali inasema nyumbani. Mimi ni nani nibishane na hospitali?"

Watu kadhaa walishusha pumzi. Mtu akasema chai inapoa.

Tamiko aliomba aishike ukulele. Aliuweka mkono wake karibu na tundu, kidole kikatoka, lakini hakikuingia mahali pake. Kilikuwa cha msichana, na mkono ulikuwa wa bibi. Kilimpapasa vifundo kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayemwamkia mzee asiyemjua, kikarudi ndani. Akaikabidhi ukulele kwa mikono miwili, akainama, akaomba radhi kwa kukatisha mazoezi. Wakaanza tena wimbo toka mwanzo.

Kiangazi hicho gazeti la mji lilimpiga picha Karasawa na ukulele yake, likaandika kwamba nakala kama ile haina mfano. Kufika vuli, ukucha ulikuwa umerefuka ukawa unagusa nyuzi na kuzifanya zitoe mlio wa kukwaruza. Karasawa alijaribu kuukata mwenyewe, kidole kikajificha siku nzima. Ikabidi ampigie simu Tamiko, maana kwa vyovyote ni chake.

Kwa hiyo kila Alhamisi, kabla wengine hawajafika, Tamiko hutandika leso magotini na kugonga mbao kwa ukucha wake. Kidole hutoka. Huukata ukucha kwa mkono wa kulia, na kwa vile vinne vya kushoto huizuia ukulele isiteleze. Karasawa husimama nyuma yake.

"Taratibu," humwambia. "Usije ukaikwaruza vanishi."

"Samahani kwa usumbufu, Bwana Msimamizi," husema Tamiko, na kukunja leso.