Kiti Kirefu cha Chifu Mfupi

Kitendawili: ana miguu minne, habanduki alipo, na wakubwa humgombania. Ukisema kiti, umepata, mji sikudai. Ila hiki kilikuwa kiti cha chifu, na aliyekichonga ni fundi seremala, shemeji yake.

Chifu mwenyewe alikuwa mpya. Alirithi kwa mjomba wake uchifu, ghala la nafaka na lawama zote. Umbo hakurithi. Mjomba alikuwa pande la mtu. Huyu akiingia kwenye shamba la mtama, utasikia sauti tu.

"Shemeji, nichongee kirefu," alimwambia fundi. "Nisije nikaonekana nimetumwa na chifu."

Fundi akachonga, roho juu. Desturi yao ilikuwa hivi: chifu mpya hupimwa kwa shauri la kwanza. Wenye kesi wakiondoka wamenuniana, wakuu wa vijiji humpa uchifu ndugu mwingine. Na mke wa chifu alikuwa dada yake fundi, tumbo moja; mume akivuliwa uchifu, naye hurudi kwao.

Siku ya shauri wakaja mfinyanzi na jirani yake, msusi wa mikeka. Mfinyanzi alichimba udongo mpakani, kuku wa msusi wakatumbukia shimoni. Wakapiga magoti, wakaeleza huku wakitazama chini, kwa adabu. Chifu huko juu, miguu inaning'inia, hasikii neno.

"Pazeni sauti, mama zangu."

"Tukipaza si utasema tumekufokea?" msusi akajibu.

Chifu akainama asikie, nusura aanguke. Wakuu wa vijiji wakatazamana. Fundi, akilini mwake, akamwona dada yake tayari yuko njiani, mizigo kichwani, anarudi kwao.

"Shemeji," chifu akasema, "lete msumeno. Punguza."

Fundi akakata kwa pupa. Kiti kikalalia huku. Akakata tena; kikalalia kule.

"Wa kushoto ndio mrefu," mfinyanzi akasema.

"Wa nyuma," msusi akabisha. Kisha akafumba jicho moja, akachungulia. "Ee, kweli wa kushoto. Una jicho wewe."

"Si nafinyanga? Hebu shika upande wako, huyu asije akatumalizia kiti."

Wakashika, huyu huku, huyu kule, wakimwelekeza fundi kama mtoto anayefundishwa kufagia. Walipotosheka, kiti kimekuwa kigoda. Chifu akakaa, nyayo zikagusa chini, uso wake ukawa sawa na nyuso zao.

"Haya," akasema, "tuje kwenye shimo."

"Nitalizungushia uzio," mfinyanzi akasema.

"Na mimi nitakusukia mkeka wa kuanikia vyungu," msusi akasema.

Chifu akawatazama. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe kaa tu," mkuu mmoja wa kijiji akamwambia. "Kiti kimekukubali."

Fundi akaokota vipande vya miguu, akampelekea dada yake jikoni viwe kuni. Jioni ile maji ya kuoga ya chifu yalichemshwa kwa urefu aliouagiza mwenyewe.