Wimbo Usioshushwa

Mtu akikwambia wafu hawaimbi, usibishane naye, mwache tu. Huyo hajawahi kuingia kwenye chumba cha kwaya cha kanisa lile, nyuma ya madhabahu, msimu ule wa kuelekea Pasaka.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amefiwa na mkewe. Marehemu ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza, na waumini walimpachika jina la Filimbi, maana alipanda juu mahali ambapo wenzake walibaki wakitazama dari. Alipoondoka, Mwalimu alimchukua mdogo wa marehemu, Kitinda, akamsimamisha palepale aliposimama dada yake. Akampa nyimbo za dada yake. Akampa na joho la dada yake, lililoburuzika chini. Watu wakasema afadhali, pengo limezibwa. Pengo gani, jamani? Binti wa watu si kiraka!

Jumamosi ya kupanga msimu, Mwalimu alibandika karatasi kubwa ukutani: Kwaresima, Matawi, Ijumaa Kuu, Pasaka yenyewe. Nani ataongoza, nani atapumzika. Wapiga ngoma walipata wiki zao za kupumzika, sauti nzito wakapata zao. Kila penye wimbo mkubwa aliandika Kitinda.

"Na huyu atapumzika lini?" aliuliza mpiga kinanda, mzee mcheshi waliyemwita Vidole. "Au naye ni kinanda, tukimaliza tunamfunika kitambaa?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka.

"Basi angalau wimbo wa Pasaka tuushushe," Vidole akasema. "Ufunguo ule ni wa marehemu. Koo la huyu binti halifiki kule. Tukishusha kidogo tu, ataimba kwa raha zake."

"Wimbo ule unaimbwa hapohapo ulipo."

"Mwalimu..."

"Nimesema haushushwi!"

Kitinda alikaa pembeni, leso shingoni, akinywa maji ya moto. Siku hizo kuongea kulimwuma.

Wakaanza mazoezi. Wimbo ule una mahali unapopanda, kwenye ubeti wa mwisho, na Kitinda alipofika hapo sauti yake ilikwaruza, ikapasuka, ikakatika kabisa. Kila mtu aliisikia ikikatika. Kisha ikasikika pumzi ya haraka, pumzi ya mtu anayekanyaga maji ya baridi, na sauti nyingine ikapanda kutoka mdomoni mwake, safi, bila jasho. Filimbi. Hakuna aliyeuliza ni nani, walikuwa wameimba naye miaka mingi. Mpiga ngoma alidondosha vijiti. Mama mmoja wa sauti ya pili aliikumbatia Biblia yake akanong'ona, "Yesu wangu."

Na Mwalimu je? Alifumba macho, akatabasamu.

Wenzao walipotawanyika, Kitinda alimfuata Mwalimu alipokuwa anakunja nyaya za vipaza sauti.

"Shemeji, pale juu siyo mimi."

"Umeimba vizuri sana."

"Mimi koo linakufa, kisha mtu anaingia. Namsikia kama wewe unavyomsikia. Mwanzoni alikuwa anatoka wimbo ukiisha. Sasa anakawia. Jana nilimjibu mama kwa sauti yake, mama akaangusha sahani. Naogopa, shemeji. Siku moja hatatoka, na mimi sijui nitakuwa wapi."

Mwalimu angeweza kumwambia pole. Angeweza kulifuta jina lake pale ukutani, kalamu anayo mfukoni. Badala yake akauliza, "Huwa anasema chochote? Kunihusu mimi?"

Kitinda alifungua mdomo amjibu, na uso wake ukalegea.

"Umekula, Bwana Mkubwa?" ikasema sauti ya Filimbi.

Bwana Mkubwa! Hilo lilikuwa jina la chumbani, la utani wa mke na mume, hakuna mwingine duniani aliyelijua. Mwili ulimsisimka Mwalimu, lakini moyo wake, aibu hata kusema, ulijaa furaha. "Bado, mke wangu," akajibu. Na Kitinda alipozinduka, ameshikilia ukuta, anakohoa, anauliza amesema nini, Mwalimu alimwambia hakuna kitu. Mtu mzima, kiongozi wa ibada, akamdanganya yatima wa baba mchana kweupe.

Ijumaa Kuu mama mkwe akaja chumba cha kwaya. Mwalimu alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mama," akamvutia kiti. Mama aliitikia marahaba, kiti akakikataa.

"Mkwe wangu, sikuja kugombana. Mwanangu mkubwa nilikupa kwa mkono wangu, kanisa hili likishuhudia. Mungu akamchukua, nikanyamaza. Lakini huyu mdogo sijakupa. Asubuhi ameniuliza chumba chake kiko wapi. Nyumba aliyozaliwa! Nirudishie mwanangu."

"Kwani wewe, mama, humkumbuki Filimbi? Hutaki kumsikia?"

"Nataka," mama akasema, na machozi yakamshuka asiyafute. "Nataka kuliko wewe. Lakini mwenzio nimebaki na mmoja."

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Kabla ya kutoka mbele, Vidole alimvuta Mwalimu kando. "Mimi nitautazama mkono wako," alisema. "Ukiuinua, napiga kule kwa marehemu. Ukiushusha, nashusha."

Kitinda alisimama ndani ya joho lile refu, macho yamezama, midomo inacheza kabla hata wimbo haujaanza. Mwalimu alijua vizuri mambo yalivyo. Akiinua mkono atamsikia mkewe tena, pengine siku zote, na huyu binti atapotea. Akiushusha, ndiyo basi. Aliuweka mkono usawa wa kifua. Watu wakaanza kukohoa.

Akaushusha.

Vidole hakungoja aambiwe mara mbili. Kitinda alishtuka kusikia kinanda kiko chini, kisha akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya kawaida, ina mikwaruzo. Wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Ulipofika mahali pa kupanda, akapanda bila shida, na Mwalimu akaisikia ile pumzi ya haraka. Safari hii haikutoka kwa Kitinda. Ilikuwa nyuma ya sikio la Mwalimu mwenyewe. Mtu alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kugusana mabega, amevuta pumzi tayari kuimba, anangoja noti ambayo haikuja. Wimbo ukampita. Mwalimu alitaka kugeuka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani. Hakugeuka. Aliendelea kuongoza kwa mkono hadi amina ya mwisho, na ubaridi uliokuwa begani mwake ukaondoka taratibu.

Baada ya ibada Kitinda alivua joho, akaenda kwa mama yake, wakakumbatiana huku wakicheka na kulia. Mwalimu aliingia chumba cha kwaya peke yake, akabandika karatasi mpya, akatoa kalamu. Ndivyo alivyozoea: kilio kikija, anatafuta kazi. Hata mazishini aliongoza kwaya mwenyewe, na kando ya kaburi alisimama akisahihisha sauti ya tatu.

Vidole akaingia, kwaya nzima nyuma yake. Akaichukua ile kalamu mkononi mwa Mwalimu.

"Siku ya mazishi tulikuacha uongoze," alisema, bila mzaha wowote. "Tuliona wewe ni jabali. Tulikosea, ndugu yetu. Keti."

"Kuna nyimbo za wiki ijayo..."

"Keti, Mwalimu. Tutaimba sisi."

Akaketi. Wakaanza wimbo wa maziko, polepole, bila kiongozi, wengine wakikosea, naye hakuwasahihisha. Walipofika ubeti wa pili alikuwa ameinamia magoti yake, analia kwa sauti, anamwita mkewe, na hakuna aliyeitika.