Makumbi ya Kijitoni

Mimi sina ugomvi na mtu anayefundisha watoto. Lakini Mwalimu Manase alinikosea, na nitasema.

Sisi wanawake wa Kigombe tunafukia makumbi ya nazi topeni pwani, yaoze, ndipo tuyapige tupate usumba wa kusokota kamba. Nusu mwaka yanalala. Mimi yangu niliyahamishia kijitoni maana pwani wezi walinichosha. Nilijua maji yatanuka, na chini kidogo ndiko wanafunzi wanakochota. Nikajipa moyo kwamba mvua ikinyesha uchafu wote utakwenda baharini.

Basi mwalimu akatoka na klabu yake ya mazingira, wakapanda na kijito kutafuta maji yanapoharibikia. Walipofika kwenye shimo langu wakafukua makumbi yote wakayaanika juani. Narudi kutoka sokoni alasiri, nawakuta bado wako shimoni, na makumbi yamekauka kau. Kumbi likikauka kabla halijaoza halitoi usumba tena, ni kuni tu.

"Shikamoo mama," mwalimu akaniamkia. Nikaitika kwa shingo upande.

"Mwalimu, mimi mjane. Tunakula kwa kamba hizo."

"Nilidhani yametupwa, mama. Nisamehe. Lakini watoto wanaharisha kwa maji haya."

"Na nani kakuleta huku?"

Aliyejibu ni binti yangu Hafsa, matope mpaka magotini. "Mimi, mama. Nilijua ni yako."

Mkono uliniwasha, wallahi. Mtoto wa kumzaa mwenyewe, mbele ya wenzake. Nikaenda zangu nyumbani, na sikumsemesha mpaka tukalala.

Asubuhi simwoni. Nikamkuta pwani, maji yamekupwa, yumo topeni peke yake. Nusu ya makumbi amekwisha kuyabeba kichwani kutoka kijitoni, anayafukia kwenye shimo letu la zamani. Vidole vimemchubuka.

"Huku hayamdhuru mtu," akasema bila kuniangalia. "Na wezi nitawalinda mimi, kila nikitoka shule. Utasokota kamba zako, mama."

Hasira nilikuwa nazo bado. Na kazi hii sikumfundisha, nilitaka asome tu. Hakujua kwamba alichobeba ni kuni. Sikumwambia. Nikakaza kanga kiunoni, nikashuka topeni, nikaanza kuchimba naye.