Nukta Kumi na Tisa

Mwaka 2006 nilikuwa mlinzi katika bohari moja ya Ras Al Khor, ughaibuni. Ndipo iliposhushwa injini ya mvuke kutoka Elburgon, kwetu, kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa zamani. Madam mmoja alikuwa ameinunua aiweke kwenye mkahawa wake.

Baba yangu, Justus, alikuwa amezikwa wiki sita kabla. Sikwenda. Kafeel, Mwarabu mdhamini wa visa yangu, alisema khalas, mtu ameshakufa, kaa kazini.

Pale kiwandani baba alikuwa mchochezi wa moto. Alilisha tanuri mabanzi ya mtarakwa huku akisikiliza msumeno. Ukianza kuguna ndani ya gogo, anaongeza kuni, mvuke upande, mkanda uvute. Na kila mwaka, siku ya kuosha boila, mchochezi aligonga nukta moja kwa patasi kwenye mlango wa tanuri, chini ya herufi za jina lake.

Niliipata alama yake mlangoni: J.M., nukta kumi na tisa. Ya kumi na mbili imekaa pembeni. Mwaka huo aligonga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa umeungua. Hadithi hiyo nilikua nikiisikia.

Mzee Aidarus, fundi wetu, Mzanzibari aliyezeekea Deira, alikuja na grainda ya kusugulia chuma.

"Nipishe, mwanangu. Madam ataka ing'ae kama sinia la harusi."

"Ng'arisha gurudumu, mzee. Ng'arisha bomba. Mlango huu hapana."

"Kwani chuma hiki cha mamako?"

"Cha baba."

Nilimweleza. Akavaa miwani, akazihesabu nukta kwa kidole.

Madam akaingia. "Mbona hamjaanza? Yalla!"

Niliuegemea mlango kwa mgongo. "Madam, hizi ni alama za baba yangu."

"Ni mikwaruzo. Wageni wangu wale chakula mbele ya mikwaruzo?"

"Wale mbele ya jina lake."

"Nikimpigia kafeel wako, kesho uko kwenye ndege."

"Mpigie. Atanipeleka kule kule alikonikataza kwenda."

Alimgeukia fundi. "Washa. Atasogea mwenyewe."

Mzee Aidarus akawasha. Cheche ziliruka, lakini kutoka kwenye gurudumu.

"Mlango, nimesema!"

"Mlango mie siugusi, bibie. Tafuta fundi mwengine, kama utampata kabla hujafungua mkahawa kesho kutwa."

Madam alitoka na simu sikioni. Mimi sikusogea, hata kwa chai, hadi forklift ilipoibeba injini, ikimeta kote isipokuwa mlangoni.

Jioni supavaiza wetu aliniletea karatasi kutoka kwa kafeel. "Omba msamaha kwa maandishi, Teresiah. Usiponiandikia, visa yako inakatwa."

Nikaandika kwamba nilisimama pale kwa hiari yangu, na ningesimama tena. Nikatia sahihi, nikamrudishia kalamu yake.