Watoto wa Bi Kola

Saa moja na nusu asubuhi, kabla vyerehani vya kiwanda cha mashati havijaanza kunguruma, fundi vifungo alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la karani wa utumishi. Nyuma yake mstari ulifika mlango wa stoo. Bi Kola, aliyepiga pasi kiwandani hapo kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amefariki jana yake. Hakuacha mume wala mtoto, na kanuni ya kiwanda haikuwa na huruma: ruhusa ya mazishi ni kwa ndugu wa damu tu. Asiye na ndugu huzikwa na manispaa, asipate hata mtu wa kumtilia udongo. Fundi vifungo alikuwa ameapa kwamba hilo halitatokea.

"Uhusiano na marehemu?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Mwanawe. Kifungua mimba."

Akafuata mkata vitambaa, mzee aliyemzidi marehemu mvi, naye akadai kuwa kifungua mimba. Alipoambiwa nafasi hiyo imekwisha kujazwa, aliomba aandikwe pacha. Mstari mzima ukaangua kicheko. Wakakumbushana siku Bi Kola alipomzuia msimamizi mlangoni kwa kosa la kola iliyopinda. Msiba ukachangamka kama arusi.

Kwenye fomu ya thelathini na nane, karani aliweka kalamu chini. "Jamani, huyu mama alizaa au alifyatua matofali?"

Fundi vifungo, aliyekuwa bado amesimama kando ya dirisha, akamwonyesha karani ubao uliokuwa juu ya kichwa chake, uliotundikwa na mkurugenzi mwaka ule alipowanyima nyongeza ya mshahara: KIWANDA HIKI NI FAMILIA MOJA.

"Sisi tulisoma tukaamini, baba. Kama si kweli, tuandikie hivyo, utie na muhuri."

Karani aliutazama ubao, akautazama mstari. Akagonga mihuri thelathini na nane. Kisha, taratibu, akavuta fomu nyingine, akajiandika kitinda mimba.

Bi Kola akazikwa na wanawe wote. Siku hiyo kiwandani halikutobolewa hata tundu moja la kifungo.

Kesho yake ubao haukuwepo; ilibaki misumari minne ukutani. Wafanyakazi wakaingia wakiitana dada na kaka kwa sauti, hadi msimamizi akajifungia ofisini. Fundi vifungo akatoa mkobani aproni ya marehemu, akaitundika kwenye msumari wa kwanza. Alikuwa ameipiga pasi mwenyewe. Haikuwa na kunyanzi hata moja.