Nguzo ya Tano Chini ya Sebule

Kabla ya chai ya asubuhi, mchoraji wa ofisi ya wahandisi alipangusa kioo cha kompyuta kwa upindo wa sketi, akafungua mchoro wa nyumba ya kwao. Kaka yake alikuwa ameiongezea ghorofa, na hakuruhusiwa kuhamia juu mpaka mchoro upigwe muhuri.

Programu ya ofisini, ukiangalia sakafu kutoka juu, huonyesha sakafu tu, tupu kama sinia. Ukitaka kujua kinachoibeba, unabofya mahali, na vilivyo chini hujitokeza kwa mistari ya kukatikakatika. Mchoraji akabofya. Zikajitokeza boriti, zikajitokeza nguzo za pembeni, zote nne. Katikati ya sebule ya ghorofani, mahali pa nguzo ya tano, ukajitokeza utosi wa mtu, mabega yake, na viganja vilivyokunjuliwa. Kwenye utosi kulikuwa na kovu, kando ya njia ya nywele. Dada yake mkubwa alilipata siku alipoangukiwa na mfuniko wa tangi.

Mhandisi alichungulia, kikombe mkononi. "Huyo ni wa kwenu?"

"Dada yangu. Ndiye aliyetulea."

"Anafaa. Sakafu haijapinda hata kidogo." Akaenda kutafuta sukari.

Mchana mchoraji alikwenda nyumbani na mkate na mayai ya kuchemsha. Alimkuta dada chumba cha chini, ubavuni mwa gari la kaka, pekupeku, mikono juu, viganja vimeikamata dari. Nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji. Mlangoni ulining'inia mkoba wake wa safari, zipu imefungwa, kwa maana alikuwa amepata kazi ya kushona mji wa pili.

"Umeleta chakula, au umeleta macho tu?" dada aliuliza.

Mchoraji akamlisha, tonge kwa tonge, akimpangusa makombo kidevuni.

"Nguzo iko wapi?"

"Kaka yako aliing'oa. Mlango wa gari ulikuwa haufunguki vizuri. Akaniambia, dada, hebu shika hapo kidogo, narudi sasa hivi."

"Lini hiyo?"

"Zege lilikuwa bado bichi."

"Na kazi je?"

"Wananingoja Jumatatu. Hebu nikune pua kwanza, mdogo wangu, tangu asubuhi inanitesa."

Mchoraji akamkuna. Aliporudi ofisini alichora nguzo ya chuma, nyembamba, kando ya dada. Programu ikaikubali papo hapo. Kaka alikuja kuutazama mchoro, funguo za gari zikizunguka kidoleni.

"Hiyo itanikwangulia mlango. Itoe."

"Dada anaondoka Jumatatu, kaka."

"Aende wapi? Dada keshazoea. Umewahi kumsikia akilalamika?" Akaikodolea macho ile mistari. "Na huyo mfiche. Nikiwaonyesha watu, wataanza kuniuliza maswali."

"Hafichwi," alisema mhandisi. "Kinachobeba lazima kionekane, ndio utaratibu wetu."

Mchoraji aliifuta nguzo ya chuma, kwani mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Mhandisi akamwandika dada N5, akapiga muhuri, akaupuliza wino ukauke.

Jumatatu ndugu walijaa ghorofani. Walivua viatu, wakaisifu sakafu, baridi na laini. Shangazi mmoja aliuliza dada mkubwa yuko wapi, akajibiwa yuko hapo chini, akasema, "Haya, msalimieni," akasogeza kiti.

Mchoraji aliteremka na kitana na mafuta. Akapanda juu ya ndoo, akamfumua dada nywele, akatoa chembe za saruji moja moja, kisha akamsuka mistari myembamba kuelekea kisogoni.

"Usinikaze sana," dada alisema. "Nikitikisa kichwa, vyombo vya wifi yako vinagongana kabatini."

Alipomaliza aliushusha ule mkoba, akaupangusa vumbi, akaurudisha palepale.

Kesho yake alifungua mchoro, akabofya. Zikajitokeza boriti, zikajitokeza nguzo. Katikati ya sebule, utosi ulikuwa na misuko mipya, iliyochorwa sawasawa mpaka kisogoni.

Mhandisi aliinama. "Umebadilisha kitu hapa?"

"Nimemsuka."

"Basi chapisha upya," alisema mhandisi. "Ule wa zamani utawachanganya mafundi."